Walter, Usitie Sahihi

Sogeeni wanangu, na wewe Alice rudisha mlango taratibu, maana Bwana Ormerod, mwenyekiti wa klabu ya mpira, yuko ghorofa ya chini anakunywa chai yetu huku ametega sikio, na haya ninayotaka kusema si yake.

Mali sina. Saa ya mfukoni ni ya Alice. Viatu vyangu vya kuchezea mpira vitupeni, shauri yenu. Kitanda hiki ni cha klabu, nyumba ni ya klabu, hata makaa yanayowaka hapo ni ya klabu, na mimi mwenyewe, tangu nilipotoka kiwanda cha pamba nikawa mchezaji, kisha meneja, kisha katibu, nimekuwa mtu wao tu.

Walter, ulikuwa hujazaliwa waliponizuia. Timu moja ya Birmingham ilinitaka, klabu ikasema huyu ni wetu, na jina likishaandikwa kwao hakuna timu nyingine inayoruhusiwa kukuchukua. Basi hawakunichezesha, hawakunilipa, wala hawakuniachia, nikakaa majira mawili ya baridi nje ya uzio nikisikia watu wakishangilia mpira nisioruhusiwa kuugusa. Nililia, mama yenu shahidi. Mwisho nikarudi kwa Ormerod kofia mkononi, naye akacheka, "Ulikuwa unakwenda wapi, Jabez? Kwenu si hapa?"

Sasa nawe unawachezea, Birmingham wamekutaka, na Ormerod anataka kukuzuia vile vile. Amesema ukitia sahihi ya kubaki, mama yako hatatolewa humu nikishazikwa, na ukikataa atatoka wiki hiyo hiyo. Nisikilize: usitie. Atakuita mwanangu, atakushika bega, atakuonyesha mama yako katika nguo nyeusi. Usitie. Mimi ni katibu maadamu napumua, na asubuhi Alice amepeleka telegramu kwa wakuu wa ligi kwamba klabu imekuachia. Ormerod hajui. Kilichobaki cha kukurudisha ni mkono wako mwenyewe.

Hannah, mke wangu, nisamehe. Nimekutoa nyumbani kwako, na inaniuma kuliko hiki kifua. Alice, huko kwako mama yako alale chumba cha mbele, siyo kile cha nyuma chenye unyevunyevu, na mumeo akinuna mwache anune... Hannah, unafanya nini hapo dirishani?

Mapazia. Ndiyo, hayo ni yetu, uliyashona mwenyewe. Shusha. Fimbo ya kuyatundikia waachie, ni ya klabu.

Ngojeni... nivute pumzi.

Jeneza langu lisifunikwe rangi zao. Ndugu wawili msije mkakosana kwa ajili yangu. Alice, Mungu akulinde na nyumba yako. Walter, Mungu akubarikie hiyo miguu, na siku itakapochoka, iwe imechoka kwa kwenda ulikotaka. Usikae kunizika, treni ni saa sita na Birmingham wanakungoja. Pita mlango wa mbele, umpite yeye na chai yake, usimjibu neno. Nenda sasa, baba. Nataka kuusikia ule mlango ukifungwa nyuma yako... nikiwa bado... nasikia.