Moyo wa Ukoo Wetu na Bima Iliyosubiri Tuanguke

Bwana asifiwe! Wenye furaha wamsifu, na wenye hasira wamsifu pia, maana mimi leo nimesimama hapa na vyote viwili.

Ndugu zangu, mnanijua, mimi ni mama Atupele, mume wangu anapasua mbao kiwandani hapa Mafinga. Kwetu ni Tukuyu. Kaka yangu Ambakisye naye alikuwa kiwanda hikihiki. Mtu mwenye nguvu! Siku moja alikimbilia lori la magogo, akaanguka, akafa palepale. Na baba yetu alikufa hivyohivyo, jembe mkononi.

Wazee wa ukoo walifanya nini? Walimgeukia mjane! Wifi yangu Tusajigwe, machozi hayajamkauka, wakasema kamroga mumewe. Baba mkubwa akaenda mpaka ofisi ya kiwanda kuyatangaza hayo. Wifi akafukuzwa, akaenda kulima mpunga wa watu Chimala. Nilipiga kelele, nikaambiwa mwanamke hasemi mbele ya wazee. Mpaka leo inaniuma!

Kisha Atupele wangu akaanguka shuleni akishindana mbio. Akazinduka, Mungu mwema. Daktari wa misheni akaniuliza habari za ukoo wetu, nikamweleza. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa wa moyo, watu wanaurithi. Mtoto akapimwe kwa mashine Mbeya, kabla hajaanguka tena."

Tukaenda ofisi ya bima ya wafanyakazi, Iringa mjini, maana mume wangu anakatwa mshahara kila mwezi. Karani, shati limenyooka, akasema, "Ndugu, bima inalipia mgonjwa. Huyu mzima. Akiugua, mlete."

Akiugua! Ndugu zangu, ugonjwa wa kwetu haumlazi mtu kitandani, unampeleka kaburini moja kwa moja! Usipoziba ufa utajenga ukuta, hata mtoto mdogo anajua, ila si karani yule. Nikamtajia baba, nikamtajia kaka. Akacheka. "Kifo cha kaka yako tuliarifiwa na kiwanda. Ninyi wenyewe mlisema karogwa. Bima hailipii uchawi! Labda mlete mtu aliyeishi naye, aseme alikuwa anaumwa moyo."

Aliyeishi naye ni nani kama si wifi? Nikapanda basi hadi Chimala, nikamkuta shambani, matope magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, "mume wangu alikuwa akizimia nyumbani. Alinikataza nisiseme, aliogopa kuachishwa kazi. Nitasema yote. Lakini baba mkubwa alinitangaza mbele za watu. Aje alifute neno lake mbele za watu, hapahapa Chimala. Bila hivyo siendi Iringa."

Hapo nilimlilia Mungu! Maana baba mkubwa hajawahi kukosea tangu azaliwe. Nikafunga, nikaomba, nikaenda Tukuyu na Atupele, nikamkalisha mbele yake. "Baba mkubwa, chagua. Neno lako, au mjukuu wako."

Alinitukana vizuri kabisa. Kisha akamtazama mtoto, akamtazama, akaomba fimbo yake. Na sokoni Chimala, kati ya magunia ya mchele, mzee yule akapaza sauti: "Mkwe wangu hakuua mtu! Nilisema nisilolijua." Haleluya! Mungu anayevunja mawe ndiye aliyevunja moyo ule.

Tukaenda Iringa, mimi na mtoto, baba mkubwa na wifi, na wifi akaeleza yote. Karani akaanza tena habari zake za mzima na mgonjwa. Baba mkubwa akagonga sakafu kwa fimbo. "Kijana! Mimi nimemeza neno langu mbele ya soko zima. Wewe unashindwa kumeza lako mbele yetu sisi wanne?" Mkubwa wake akatoka chumbani kusikia kelele ni za nini. Akatusikiliza, akakubali bima ilipe.

Mbeya mashine ikauonyesha ugonjwa. Atupele anameza vidonge, hakimbii tena, na yu hai. Yule pale, amekaa na mke wa mjomba wake, Tusajigwe.

Namshukuru Mungu, lakini hasira haijaniisha. Kwa nini mama atembee mikoa miwili kuwaomba watu wasisubiri mwanawe afe? Wewe ambaye kwenu watu wanaanguka wakiwa wazima, acha kutafuta mchawi. Mtumaini Yesu, kisha mpeleke mtoto akapimwe. Watu wa bima wakikukatalia, njoo kwangu. Tutaenda pamoja, mimi na wifi, na hatutaondoka pale mlangoni.