Azi wa Chumba cha Wachanga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mlezi mkuu wa chumba cha wachanga katika makao yetu ya watoto anastaafu tarehe ishirini na nane mwezi huu. Katika makaratasi ya ofisi ana jina refu la heshima. Humu ndani sote tunamwita Azi, jina alilopewa na watu wasio na meno.

Alipoanza kazi, chumba kile kilikuwa na vitanda vingi na ukimya mwingi. Watoto walilishwa, wakabadilishwa nepi, wakalazwa. Wengi walikuwa wamefiwa au wameachwa wodini, na baada ya muda waliacha hata kulia, maana walikwisha kuona kwamba kilio hakileti mtu. Azi hakuweza kuuzoea ukimya ule. Akaanza kuwasimulia kila alichokifanya: sasa tunavua soksi, moja hii hapa, ya pili imetorokea wapi? Mpishi alimwendea muuguzi kumnong'oneza kwamba mlezi mpya anaongea peke yake. Haukupita muda mrefu chumba kikajaa "ba-ba-ba" na "da-da-da", na mpishi akawa anachungulia dirishani kuwajibu.

Vichekesho havikukosekana. Kipindi fulani daktari aliyekuja kuwapima watoto alikuwa na ndevu, basi kila mwenye ndevu akawa "dota". Fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki aliitwa hivyo asubuhi nzima na hakukanusha.

Azi alipenda kuficha kijiko chini ya kitambaa. Mtoto mdogo hukisahau papo hapo, kana kwamba hakijawahi kuwapo. Siku mtoto alipofunua kitambaa kukitafuta, Azi alitangaza habari hizo jikoni, ofisini, hadi kwa mlinzi getini. Lakini alituonya pia. Mtoto akishajua kwamba kisichoonekana bado kipo, alisema, ndipo anapoanza kulia mtu akitoka.

Jina lake lina historia ya huzuni. Miaka ya mwanzo aliwaacha watoto wamwite mama. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa amelazwa kwa muda mrefu akapona, akaja kumchukua mwanawe. Mtoto alimkwepa, akamng'ang'ania Azi huku akiita "mama, mama". Yule mama alikaa kwenye benchi la ofisi akalia bila sauti. Tangu siku hiyo Azi alikataa neno lile. Aliwafundisha kusema shangazi, wao wakaweza "Azi" tu. Neno "mama" alimwekea kila mtoto akiba, kwa ajili ya yeyote atakayekuja.

Kuna mmoja ambaye hakuna aliyekuja kumchukua. Alikuwa binti aliyeletwa akiwa mchanga, hata njaa haimlizi. Wenzake walipoanza kutamka maneno, yeye alitazama tu. Daktari alimpima masikio, akakuta ni mazima. Akashauri mtoto awe na mtu mmoja, yuleyule kila siku, wa kuzungumza naye. Azi akampakata kila asubuhi mbele ya dirisha, akimtajia vitu: taa, mti, mvua. Aliuliza, akanyamaza kusubiri, kisha akajibu mwenyewe.

Neno la kwanza la binti yule lilikuwa "mama", na alimwambia Azi.

"Shangazi," Azi akamsahihisha taratibu. "Mimi ni shangazi." Kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Baada ya hapo maneno yakafunguka kama bomba. "Maji" ikawa "maji kwisha", ikawa "Azi anakwenda wapi?" Tukamwita Wakili, maana akianza kuuliza haachi. Azi aliomba amchukue nyumbani. Aliishi chumba kimoja na mama yake mgonjwa wa kitandani, na afisa ustawi alilikataa ombi hilo, ingawa kwa upole. Watoto wakifika miaka mitatu huhamishiwa makao ya wakubwa katika mji mwingine. Siku ya Wakili ikafika.

Gari likiwa tayari, mtoto aliuliza swali lenye maneno yote mahali pake: "Azi, mama yangu ni nani?"

"Sijui, mwanangu," Azi alisema.

Hatukuwahi kumsikia akimwita mtoto yeyote hivyo. Mlango wa gari ukafungwa, na kilio tulikisikia mpaka lilipokata kona. Siku ile Azi aliwalisha wachanga bila kusema neno. Nao walikuwa wakiutazama mdomo wake, wakisubiri.

Miaka kadhaa baadaye alipata ruhusa ya kwenda kumwona. Wakili, mwanafunzi sasa, alitoka darasani, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema, kama anavyomwambia mwanamke yeyote mtu mzima.

Azi aliitikia marahaba. Aliporudi, akikoroga chai ambayo hakuinywa, alituambia kitu kimoja tu: "Anazungumza vizuri sana."

Sasa magoti yamechoka na mgongo hauinami tena kwenye vitanda vile vya chini. Mama yake alifariki mwaka juzi. Watoto waliomo chumbani leo ni wadogo mno. Mwaka kesho hawatamkumbuka, ingawa watakuwa wanayatumia maneno yake kuombea maji. Walezi wapya wawili wameajiriwa kwa mkataba mfupi. Tumewasikia wakifanya kazi. Wanafanya vizuri, kimyakimya.

Asante, Azi, kwa kila neno. Tumepanga zamu ya kuja kwako, maana tunajua nyumba yako haina mtu mwingine. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na mtu wa kukujibu.