Wino wa Kumtafutia Sunniva

Kijiwe chetu ni benchi moja refu chini ya upenu wa kioski cha Solfrid, mtaani Laksevåg, mjini Bergen huku Norwe, pale basi linapokata kona kushuka bandarini. Bergen ukitaka kukaa nje lazima ukae chini ya kitu, maana mvua ya hapa haipigi hodi. Mkubwa wa benchi ni Oddvar, tunayemwita Injinia kwa sababu alipaka grisi mashine za meli ujana wake wote, na tangu astaafu hakuna jambo asilolijua. Kando yake hukaa Magnhild Sindano, anayefuma soksi bila kuzitazama. Mimi wananiita Ratiba, niliendesha basi. Wa nne ni Torleiv, mpaka rangi wa mashua, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akituvunja mbavu. Halafu binti yake Sunniva akaondoka nyumbani vuli ya mwaka juzi, bila ugomvi tuliousikia, bila kwaheri. Simu yake ikazimwa. Polisi wakasema ni mtu mzima. Tangu hapo Torleiv kila Jumamosi huzunguka mji akibandika mabango ya kumtafuta, na vichekesho vyake vikamkauka mdomoni. Asubuhi moja ya Machi alikuja na bango lililolowa, akalitandaza juu ya mapaja yake.

— Tazameni. Nimelibandika wiki iliyopita tu.

Maneno meusi yalisomeka vizuri: MMEMWONA? Lakini picha ilikuwa imechuruzika. Nywele nyekundu za Sunniva zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye namba ya simu, na pale penye uso palibaki doa la rangi ya chai.

— Hiyo ni printa, akasema Injinia. Printa yako ya kipuuzi.

— Na sasa imekufa, akajibu Torleiv. Leo imegoma kabisa. Nataka nyingine. Nyie mnaojua kila kitu, niambieni ninunue ipi ambayo wino wake hautanifilisi.

Injinia akaweka kikombe chini. Swali kama hilo alikuwa akiliombea.

— Kwanza, hizi za vikopo vidogo ni mtego. Printa bei ya samaki, wino bei ya mashua! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Magnhild.

— Inaingia. Wino wanautia maji.

— Ya dada yangu kule Voss, akasema Magnhild, wino mweusi umejaa pomoni, lakini haichapi, eti njano imekwisha. Anachapa ratiba ya kwaya, jamani. Njano ya nini?

— Kuna chipu mle ndani, akasema Injinia. Wino ungalipo, yenyewe inakwambia umekwisha. Mimi niliifungua ya mkwe wangu. Chini nikakuta sponji kama godoro la paka. Kila ukiiwasha inajisafisha, na wino wote unanyweka kwenye godoro.

— Hapo sasa unatunga, nikasema.

— Natunga? Basi nikwambie zaidi. Zina masikio. Zimeungwa na mtandao, zinajua kesho Jumapili na maduka yamefungwa. Ndipo zinapokata roho.

— Pua ndiyo zinayo, akasema Magnhild. Zinanusa haraka. Ukiwa na nafasi inachapa kama malaika. Ukiwa na haraka inatafuna karatasi.

— Na huo wino mnaujua unatoka wapi? akasema Injinia. Ngisi! Kuna bwawa zima la ngisi mahali fulani, wanatekenywa mpaka wateme. Ngisi mmoja haoni raha, bei inapanda Bergen nzima.

Torleiv akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini tulikisikia wote. Nadhani Injinia alikuwa akipanda juu vile kwa ajili ya kicheko hicho tu. Maana alimtazama upande, akatega sikio, kama mtu aliyesikia injini ikiwaka baada ya kuiwasha mara nyingi.

— Tuache utani, nikasema. Torleiv, kwa nini usichukue ya leza, ya nyeusi tupu? Ile haichuruziki hata uioshe.

— Nyeusi haitafaa. Mtu atamjua kwa nywele. Sunniva bila nywele zake ni msichana yeyote.

— Maktaba je? Wanachapa rangi pale.

— Nilikuwa nachapa pale. Siku moja yule dada wa maktaba akakataa pesa yangu. Akaniwekea mkono begani. Sijarudi tena.

Magnhild akafuma mstari mzima, ndipo akasema kwamba Torleiv akiliweka bango kwenye mfuko wa nailoni auelekeze mdomo chini, maji yasiingie kwa juu. Torleiv akaitikia kwa kichwa.

Injinia naye akanywa funda la kahawa. Akarudi kwenye printa, safari hii kwa ustaarabu.

— Sikiliza, mzee mwenzangu. Chukua ile ya tangi. Unamimina wino kwa chupa, unaona kwa macho yako umebaki kiasi gani. Kuinunua inauma, sikatai. Lakini chupa moja inakwenda muda mrefu, na mtu anayechapa kila wiki kama wewe ndiye hasa aliyetengenezewa. Tena ukichapa kila wiki haizibi. Ukiogopa bei leo, utalia kila mwezi. Si wanasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Neno lilipomtoka ndipo akalisikia. Magnhild akaacha kufuma. Mimi nikatazama viatu vyangu.

— Sikuwa na maana hiyo, Torleiv. Nilikuwa nazungumza juu ya printa.

— Najua, akasema Torleiv polepole. Lakini mimi sikuwahi kumwacha alie, Oddvar. Hata mara moja. Akilia kidogo tu namkimbilia, nampa anachotaka. Mama yake, Jorunn, alikuwa akiniambia, mwache mtoto apumue. Sasa sijui. Labda ndiko nilikoharibu.

— Hukuharibu kitu, akasema Magnhild.

— Wewe unajuaje?

Solfrid akatoka na birika, akatujazia vikombe bila kuulizwa, akatuletea na andazi la mdalasini tukagawana.

Mvua ilikuwa imezidi, na chini ya upenu palikuwa na mgeni. Msichana mwenye koti la njano na begi kubwa mgongoni, anangoja basi. Alikuwa amesimama pale muda, na bila shaka alitusikia. Akainama kulitazama bango.

— Samahani, baba. Ni binti yako?

— Ndiye.

— Umeyabandika mengi?

— Mji mzima. Stesheni, bandarini, kwenye ngazi zote za mlimani.

— Basi huenda ameyaona.

— Huenda.

Msichana akafikiri kidogo. Hakuwa na ubaya usoni. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Hapa mnawauliza watu wote kama wamemwona. Na yeye mwenyewe akipita akalisoma, linamwambia nini?

Torleiv alilisoma bango lake upya. Akamtazama Injinia. Injinia, aliyejua habari za ngisi na godoro la paka, akakuna kidevu. Magnhild akanitazama mimi, nami nikatazama barabara. Basi likaja, msichana akatuaga kwa mkono, akapanda. Kahawa ya Torleiv ilibaki kikombeni. Akalikunja bango lile bovu kwa uangalifu, kama kitambaa cha mezani, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata Torleiv hakuja. Injinia alisema ana mafua. Magnhild alimwambia mafua hayo ni ulimi wake yeye Injinia. Walizozana hivyo bila nguvu, na kila mtu akaenda nyumbani mapema.

Ndipo wiki nyingine akaja, na hakuwa peke yake. Alikuja na Jorunn, mkewe. Jorunn hakuwahi kukaa kijiweni kwetu. Tulijua kwamba printa ikianza kunguruma kule kwao, yeye huvaa koti akaenda kusimama nje mpaka inyamaze. Tukambanania nafasi katikati ya benchi. Solfrid akamletea kahawa yenye maziwa, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Tumenunua ya tangi, akasema Torleiv. Injinia alisema kweli. Unauona wino kwa macho.

— Hongera, akasema Injinia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo.

— Waonyeshe, Jorunn akamwambia mumewe.

Torleiv akatoa karatasi. Ilikuwa nyeupe, bila picha, na katikati maneno machache makubwa meusi:

SUNNIVA, HATUJI KUKUCHUKUA. TUNATAKA KUJUA TU KAMA HUONI BARIDI. MAMA NA BABA.

Chini yake namba ya simu, ileile.

Injinia aliisoma. Midomo yake ikacheza, nami nikajua anatafuta methali. Hakuipata. Akavua kofia, akaishika magotini.

— Na picha? akauliza Magnhild. Mmeiacha?

— Uso wake anaujua, akasema Jorunn.

Torleiv alikuwa anaisoma tena ile karatasi, ingawa ni yeye aliyeichapa.

— Huyu alinizuia usiku na mchana nisiandike mengine, akasema. Nilitaka kuweka kwamba chumba chake kiko vilevile. Nilitaka kuweka kwamba ninaomba radhi. Akanikatalia.

— Utamwomba akija, akasema Jorunn. Ukimwomba ukutani, atadhani anadaiwa jibu.

— Na asipokuja?

Jorunn akaweka kikombe chini. Akamfuta mumewe matone ya mvua begani kwa kiganja, kama anayefuta vumbi.

— Haya, akasema Magnhild, akitia soksi yake mfukoni. Tunabandika wapi?

— Pale watu wanapojificha mvua, akasema Jorunn. Vituo vya basi. Chini ya madaraja. Milango ya maduka yaliyofungwa.

Tukagawana karatasi. Mimi nilichukua vituo vya basi, kwa kuwa navijua. Injinia aliteremka bandarini na Torleiv, akimshikia gundi, na Solfrid anasema aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona, na Injinia hakuwa amesema neno.

Hiyo ilikuwa Aprili, na sasa ni vuli tena. Karatasi zikichakaa tunabandika nyingine, na Jorunn siku hizi hakosi benchini. Mtu mmoja alipiga simu, akakaa kimya kidogo, akakata. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mtu aliyekosea namba. Juzi nilikwenda kwao kuchukua karatasi mpya nikaiona ile printa mezani, na matangi yake ya plastiki angavu ubavuni. Nyekundu, bluu na njano zimejaa karibu kama siku zilipomiminwa. Nyeusi ndiyo inayopungua.