Mke Wangu kwa Vimraba

Asalaam aleikum, na wenzetu wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mimi si msemaji. Nikikwama, mnisubiri kidogo.

Sote tuliokaa hapa tumefiwa, kwa hiyo sitawaeleza kufiwa kukoje. Mimi ni mkulima wa Kikole, korosho na ufuta. Mke wangu aliugua wiki mbili, ya tatu tukamzika. Aliniachia binti wa miaka mitatu, na simu yenye picha zake zote. Ndugu zangu, nawaambia, ile simu nilikwenda nayo shamba, nilikwenda nayo msikitini, na chooni pia, Mungu anisamehe.

Masika yakaja. Nilikuwa navuka mto umejaa, nikateleza. Mimi nilitoka. Simu ikatoka imejaa maji.

Nikaipeleka Nangurukuru kwa fundi simu, dada mmoja mwenye kibanda jirani na wakaanga mihogo. Aliihangaikia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Kaka, nisikudanganye. Picha hazirudi."

Hapo ndipo nilipoanguka. Palizi sikupalilia, mikorosho ikasongwa na magugu, mtoto akawa anakula kwa majirani. Mama mkwe akaja kutoka Kilangala, akatazama jiko langu lenye majivu ya zamani, akazifunga nguo za mtoto kwenye kanga. "Ukipata nguvu utakuja kumchukua," alisema. Mnadhani nilimzuia? Niliwasindikiza hadi barabarani, nikashukuru kwamba nabaki peke yangu. Aibu hiyo naisema leo kwa mara ya kwanza.

Miezi ikapita. Siku moja nikairudisha simu ile mfu kwa fundi, nimwombe ajaribu tena. Nikamkuta anachora jogoo kwenye simu yake kwa vimraba vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Michoro ya pikseli, alisema. Huwachorea watu wanaotengeneza michezo ya simu. Nikamuuliza, "Na mtu anaweza kuchorwa hivyo?"

"Anaweza. Ila si kwa siku moja."

Akaniazima simu kuukuu yenye ufa. Nikaanza moja kwa moja na uso wa mke wangu: vimraba thelathini na viwili kwa upana, thelathini na viwili kwa urefu. Mwezi mzima nachora. Kila aliyetokea alikuwa mwanamke mwingine. Na kadiri nilivyowachora hao wengine, uso wake yeye ukazidi kunitoka kichwani. Nikamrudishia dada simu yake. Nikamwambia, "Namzika mara ya pili."

Hakunibembeleza. Akanirudishia simu mkononi, akaweka korosho moja juani, ingali na ganda lake. "Chora hii. Rangi nne tu. Usichore unachokijua, chora unachokiona."

Nikachora. Akasema, "Kivuli umekipaka cheusi. Hebu kitazame. Ni cheusi?"

Nikatazama. Kilikuwa na uzambarau ndani yake. Nimezaliwa kwenye korosho, sikuwahi kuuona.

Nikachora korosho ileile wiki mbili. Kisha kinu. Kisha kuku, anayekataa kutulia. Kisha wanawake wakifanya kazi; naomba ruhusa, nakaa kando, natazama mgongo unavyopinda. Nikajifunza kwamba ukifuta kimraba kimoja kwenye kiwiko, umbo zima linasimama vizuri. Na kwa kuwa nilitaka mwanga wa asubuhi, ilinibidi nitoke nje mapema, na huko nje jembe lilikuwapo. Palizi ilianza hivyo, sikumbuki hata niliamua lini.

Asubuhi moja namtazama jirani akipepeta mchele, nikajisikia nasema kwa sauti, "Hapana, si hivyo."

"Si hivyo nini?" akauliza, ungo mkononi.

Nilikuwa nimemkumbuka mke wangu. Yeye aliinua bega la kushoto kwanza, kabla ungo haujapanda, kama anayekwepa nzi. Uso ulikuwa umepotea, bega lilikuwapo. Nikaingia ndani nikamchora kwa nyuma, michoro minne inayofuatana upesi hadi ikawa mwendo: bega, ungo, makapi hewani, ungo umeshuka.

Nikapanda basi hadi Kilangala. Baada ya shikamoo nilimpa mama mkwe simu. Akatazama. Makapi yanaruka, yanatua, yanaruka.

"Mwanangu huyu," akasema. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Hilo bega nililigombeza mno! Nilimwambia, utatumwagia mchele."

Binti yangu akachungulia. "Nani huyo, bibi?"

"Mama yako, anapepeta."

Akataka aone tena. Na tena. Baada ya mavuno nilirudi naye Kikole.

Msidhani nimemaliza. Uso wake mpaka leo sijauchora. Binti akiniuliza mama alicheka vipi, namjibu niwezavyo. Kuna siku nafungua ukurasa mtupu, nautazama, naufunga.

Namshukuru fundi wangu, aliyenisindikiza leo na ambaye sasa hivi anatazama chini. Namshukuru mama mkwe, aliyenichukulia mtoto nilipokuwa sifai akanirudishia nilipofaa. Nawashukuru nyinyi kwa kunisikiliza. Neno langu ni dogo. Leo mkifika nyumbani, yupo atakayewamiminia maji ya kunawa. Mtazameni anavyoshika birika. Msiseme kitu. Mtazameni tu, mpaka amalize.