Mzee Nathanaeli Ameomba Tusimwite Dokta

Kwa masikitiko makubwa tunautangazia umma wa Tunduma kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 31 Julai 2015, kile kiti kinacholia pale dirishani kitanyamaza. Mwenye kukiliza, Mzee Nathanaeli Sichone, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya uwakala wa forodha.

Alianza mwaka 1989 akiwa karani, malori yakiwa machache na vumbi likiwa letu sote. Akapanda hadi kuwa meneja. Madereva wa Zambia walimwita bamudala, yaani mzee, hata kabla ya mvi. Mimi ninayeandika haya alinifundisha kazi mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza sikuelewa na niliona haya kusema.

Mwaka 2008 alijiunga na masomo ya uzamivu ya utawala wa biashara, yale ya watu walio kazini. Akatafiti kwa nini wafanyabiashara wadogo wa mpakani hufuata taratibu za forodha au hukwepa. Wanawake wote wa sokoni aliowahoji walijibu kwamba wanapita geti la forodha. Sisi tuliokuwa tukiwaona na mabeseni kwenye njia za panya nyuma ya ofisi tulikaa kimya. Nani amkatishe tamaa msomi? Tukabandika "Dk." mlangoni kwake mapema, ili tusichelewe kujivuna.

Asante, Mzee wetu, kwa uvumilivu wako. Kahawa yako ya Mbozi ikuzalie, na mgongo ukubali jembe.

Sasa hilo la udokta. Ameagiza liandikwe kama lilivyokuwa.

Mwaka 2012, siku chache kabla ya kwenda chuoni kutetea tasnifu, akina mama wa sokoni walimchinjia mbuzi. Mwenyekiti wao, Mama Ketrina, akamnong'oneza kwa furaha: "Baba Recho, nenda kifua mbele! Yale maswali yako tuliyafanyia mazoezi wiki nzima. Hakuna aliyekuangusha." Walidhani ule ulikuwa mtihani wake, na mtoto wa nyumbani haachwi afeli.

Mzee aliweka sahani chini. Kesho yake aliwaandikia walimu wake wa chuo, kabla hawajamuuliza, kwamba majibu yalipangwa. Wakamruhusu ahoji upya. Hakuweza; angewaambiaje wale mama kwamba wema wao ndio ulioharibu utafiti? Akaiacha shahada hapo. Tulipouliza matokeo, alijibu: "Bado wanasahihisha." Miaka mitatu ameitikia "Dokta" kila asubuhi huku akitazama sakafu, nasi tukidhani ni unyenyekevu.

Wiki iliyopita alikwenda sokoni kumweleza Mama Ketrina, asije akayasikia kwenye tangazo hili mbele za watu. Mama alijifunika uso kwa khanga, akakataa kumtazama. Mzee alikaa naye pale kwenye magunia ya mchele mpaka soko likafungwa, akimbembeleza.