Barua ya Kumwachia Milembe

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni epueni sufuria kidogo, mlioko sokoni punguzeni kelele. Leo namkumbuka Milembe Nkinda, mcheza kikapu wa Bariadi. Milembe tuliyemzika Alhamisi kule Lagangabilili.

Wadogo zangu, najua hamumjui. Sikilizeni basi. Milembe alikuwa akishona marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na jioni anachezea timu ya kiwanda. Kombe la kanda alilileta Bariadi mara tatu. Mara tatu! Mwaka tisini na moja, fainali ya Mwanza, kidole kimeteguka, kimefungwa kitambaa, akatia pointi thelathini na moja. Timu ya taifa ilimwita mara mbili. Mama yake, Mayu Nyanjige, aliwaambia majirani, "Si mlikuwa mnamcheka binti yangu kwa urefu? Haya, huo urefu umepanda ndege."

Kisha likaja soko huria. Mwaka tisini na nne wanunuzi binafsi waliingia na mizani zao, kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Timu nayo ikafa. Milembe alikuwa na miaka ishirini na saba, na timu moja ya Dar es Salaam ilikuwa inamtaka: kazi, chumba, mshahara. Ilitaka kitu kimoja tu, barua ya kuachiwa kutoka timu yake, yenye muhuri wa timu. Bila barua hiyo, chama cha kikapu kingemfungia.

Jamani, timu iliyokufa inaandikaje barua?

Alianza kwa katibu wa timu, Mzee Bujiku Magese. Akapiga goti, akamwamkia Kisukuma. "Ng'wadila, baba. Naomba barua yangu."

"Muhuri aliuchukua mfilisi, mwanangu. Yuko Mwanza."

Mfilisi, yule aliyetumwa kuuza mali za kiwanda, akafungua daftari. Mashine zimo, matrekta yamo, hata viti vimo. "Timu haimo, dada. Nisichokabidhiwa sikiachii."

Akarudi kwa Mzee Bujiku. Mzee akatikisa kichwa. Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Mwaka wa pili akawa anakwenda kila wiki, tukamwona kama kachanganyikiwa.

Enzi hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, dola ruksa. Milembe peke yake akakosa ruksa. Alikuwa mchezaji wa timu isiyokuwepo, na timu hiyo ilimshikilia. Alijiona kama ng'ombe aliyefungiwa zizini na mwenye zizi kahama. Uwanja wa kiwanda ulijazwa mbegu za pamba, geti likapigwa kufuli. Alfajiri alikimbia peke yake barabara ya Lamadi, miguu isije ikasahau. Iliuma, wasikilizaji wapendwa. Iliuma sana. Dar walimsubiri misimu miwili, wakachukua mwingine.

Akahamia Lagangabilili, akalima, akafundisha watoto wa shule kikapu. Yeye mwenyewe hakucheza mechi tena.

Sasa Alhamisi, pale msibani, Mzee Bujiku akasimama na fimbo yake.

"Muhuri haukwenda Mwanza," akasema. "Ulikuwa kwangu, sandukuni. Niliona nikimwachia Milembe, basi timu imekufa kweli. Nilingoja kiwanda kifunguliwe."

Akatoa barua. Kaiandika juzi, kaipiga muhuri. Loo! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Minza, mdogo wa marehemu, hakuipokea. "Aipeleke wapi sasa, baba? Na alijua. Mkeo alimwambia, Dar wakiwa bado wanamsubiri."

"Alijua? Mbona hakunisema?"

"Alisema, 'Siwezi kumwita baba mwongo. Nitamwomba tu, mpaka anipe mwenyewe.' Ndiyo maana akawa anakuja kila wiki. Alikuomba mara ngapi, unakumbuka?"

Mzee akakaa chini, barua mkononi.

Mayu Nyanjige, pole sana kwa kuzika mwana. Pole Minza, poleni watoto wa Lagangabilili aliowafundisha. Mungu ampumzishe Milembe. Na wewe unayenisikiliza, kama umekalia barua ya mtu, cheti cha mwanao, au ruhusa ya mkeo, inuka umpe leo. Usidanganyike kwa kuwa anakuja kwa upole. Huenda ameshajua kila kitu, na anakuheshimu tu.