Kilo Arobaini na Nane Zilizoitwa Tisa

Ndugu zangu wa Kiseke, mchungaji ameniomba nishuhudie kwa furaha. Mungu amenitoa mbali na ninamshukuru, lakini leo nimesimama na hasira. Mtanivumilia.

Mnajua nilikuwa mtu wa takwimu kwenye kituo cha pamba. Tulipima pamba ya kila kipande cha shamba la ujamaa, kisha uzito ukapelekwa Dar kwenye kompyuta. Kule namba hupangwa safu moja, na safu ina sheria yake: ukiingiza neno moja tu, mashine inazichukulia zote kuwa maneno. Sasa kipande kimoja kililiwa na mifugo. Mkuu wangu akaandika pale "ng'ombe". Nikamwambia, "Mzee, hapo tupaache wazi." Akanijibu, "Mama, mkuu hapa ni nani?"

Safu ikawa maneno matupu. Akaamuru igeuzwe iwe namba. Mashine haikurudisha kilo, ilitoa nafasi: uzito mdogo kabisa ukaitwa moja, unaofuata mbili, hivyo hivyo. Ninyi mna watoto shuleni. Mtoto akishika nafasi ya tisa, ndiyo kapata alama tisa? Lakini kipande chetu cha kilo arobaini na nane kilirudi kimeandikwa tisa.

Yule bwana hakuniuliza. Aliitisha mkutano wa kijiji, akaninyooshea kidole: "Kilo zimepungua, pamba yenu imeibwa. Mhujumu ni huyu." Mbele ya wakwe zangu! Nikafukuzwa kazi. Nikavuka ziwa kwenda kwa shangazi, Sengerema, nikawa mtu wa kulala na kutazama ukuta.

Shangazi akanichoka. "Mwanangu, ulipima au hukupima?"

"Nilipima, shangazi."

"Basi umelalia nini?"

Nikapanda treni hadi Dar. Dada mmoja wa pale kwenye kompyuta, wala hanijui, akanisikiliza. Akaijaribu safu: hizi ni namba? Mashine ikajibu ndiyo. Mkuu wangu aliishia hapo. Nikasema, "Dada, tuzilinganishe na kilo nilizopima." Tukalinganisha. Akashika kichwa. "Jamani, hizi ni nafasi!" Nililia pale pale, kwa hasira. Tukaliondoa lile neno, tukaunda safu upya, na kilo zote zikarudi.

Nikarudishwa kazini. Mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Yamekwisha, mama." Yamekwisha wapi? Hadi leo kuna watu sokoni wananikwepa.

Namshukuru shangazi, namshukuru yule dada, nawashukuru ninyi mliowalisha wanangu. Na nawaambia, mkiletewa namba msiulize tu kama ni namba. Ulizeni ni namba za nini, na aliyepima aitwe aseme.

Wengine mnanihimiza nisamehe. Nitasamehe. Ila aliniita mwizi mkutanoni, akanisafisha nyuma ya mlango. Simtaji jina, ila yumo humu ndani. Mimi nakaa. Sasa asimame yeye.